Nguvu za Farasi na Nguvu za Kuzungusha: Somo kwa Mkulima Mwenye Gari



Mwezi huu twaacha kidogo habari za mbegu na dawa za wadudu, tusome habari za injini. Usishangae. Ikiwa shamba lako liko kando ya mto na soko liko mbali, gari ni chombo cha kilimo kama jembe lilivyo. Lakini jembe hulichagua kwa kulishika mpini na kulipima uzito mkononi. Gari je, hulichagua kwa kipimo gani? Watu wengi hutazama tarakimu moja tu, ile ya nguvu za farasi. Somo la leo lataka kukuonyesha kwamba tarakimu hiyo peke yake haitoshi, na kwamba huweza kukutia hasarani.

Kosa lililonifundisha

Kwanza nakubali kosa langu. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Katika kikundi chetu cha wakulima wa kando ya Mto Tana, huku Ijara, mimi ndiye mwandishi wa daftari la michango. Tulichanga fedha kwa misimu miwili ili tununue gari la kupeleka matikiti maji na ndizi sokoni. Siku ya kuchagua ilipofika, wazee waliniambia, "Mwalimu, wewe umesoma. Tuchagulie."

Niliwekewa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya gari dogo la petroli, farasi mia na kitu. Ya pili ilikuwa ya pikapu kuukuu la dizeli, farasi tisini na kitu. Nilisema mia ni zaidi ya tisini, tena gari la petroli bei yake ni nafuu. Wote wakaniamini, tukanunua.

Mvua za vuli ziliponyesha, tuliondoka shambani alfajiri na matikiti yamejaa mpaka juu. Kila mtu wa Ijara ajua udongo wetu mweusi ulivyo ukilowa: hunata kwenye tairi kama ugali uliokosa moto. Gari letu liliingia katika udongo huo, likaguna, likapunguza mwendo, likaguna tena, likazimika. Dereva aliliwasha na kukanyaga mafuta kwa hasira. Injini ikalia kwa sauti kubwa, magurudumu yakazunguka hapo hapo na kuchimba mashimo. Kabla ya adhuhuri lilipita pikapu kuukuu la jirani, la dizeli, lenye mzigo kama wetu. Nalo halikuwa na gia ya magurudumu manne. Lilipita polepole, bila kelele, likaenda zake.

Tulilala njiani usiku mmoja. Mikokoteni ya punda ilipofika kutusaidia, lori la mnunuzi lilikuwa limekwisha kuondoka, na matikiti mengi yalikuwa yamepasuka. Ndani ya hasara ile mlikuwamo karo za watoto wa wenzangu. Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja aliniuliza tu, "Mwalimu, hao farasi mia walikwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nililitafuta kwa mafundi na katika vitabu, na hili ndilo.

Nguvu ya kuzungusha ni nini?

Umekwisha kufungua nati za gurudumu. Ukitumia spana fupi, nati hukataa. Ukichomeka bomba refu kwenye spana hiyo hiyo na kusukuma kwa mkono ule ule, nati hulegea. Mkono wako haukuongezeka nguvu. Kilichoongezeka ni urefu wa mpini. Nguvu ya kuzungusha, basi, ni msukumo mara urefu wa mpini.

Hupimwa hivi. Chukua fito ya urefu wa mita moja, ifunge kwenye mhimili, na mwisho wake utundike uzito wa kilo moja. Nguvu inayozungusha mhimili huo huitwa kilo-mita moja. Siku hizi karatasi nyingi za magari huandika Nyutoni-mita, kwa jina la mtaalamu Isaac Newton wa Uingereza. Kilo-mita moja ni sawa na Nyutoni-mita 9.8, karibu kumi. Kwa hiyo ukiona tarakimu ya Nyutoni-mita, igawe kwa kumi, nawe utapata picha ya kilo ngapi zimetundikwa kwenye fito ya mita moja.

Katika injini, mafuta huwaka ndani ya silinda na kuisukuma pistoni chini. Pistoni huusukuma mhimili mkuu wa injini, ambao mafundi huuita krankishafti. Huo mhimili una kombo, na kombo hiyo ndiyo mpini wa spana yetu.

Nguvu za farasi ni nini?

Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, James Watt wa Uskoti alikuwa akitengeneza na kuuza injini za mvuke. Wanunuzi walikuwa wamezoea kutumia farasi, wakataka kujua injini moja itafanya kazi ya farasi wangapi. Basi Watt akaweka kipimo. Kwa vipimo vya kilo na mita, nguvu ya farasi mmoja ni kuinua kilo 75 juu mita moja kwa muda wa sekunde moja.

Angalia neno "sekunde". Hapo ndipo penye tofauti. Nguvu ya kuzungusha haina habari na saa. Ni msukumo tu. Nguvu za farasi ni kazi iliyofanywa katika muda fulani. Watu wawili wanateka maji kisimani. Mmoja ana ndoo kubwa lakini huvuta polepole, wa pili ana ndoo ndogo lakini huvuta upesi. Huenda jioni wakawa wamejaza mapipa sawa. Farasi wao ni sawa, lakini nguvu ya mkono si sawa. Au tazama jikoni: kukoroga chai kwataka mwendo, kusonga ugali kwataka nguvu. Udongo mweusi wa Ijara ni ugali, si chai.

Hesabu yenyewe si ngumu:

Nguvu za farasi = kilo-mita × mizunguko kwa dakika ÷ 716.

Mizunguko kwa dakika ni mara ngapi mhimili mkuu umezunguka katika dakika moja. Kutokana na hesabu hii utaona kwamba injini yenye nguvu ndogo ya kuzungusha yaweza kupata farasi wengi, mradi izunguke upesi sana. Farasi wake wapo kweli, lakini wamo katika mbio tu. Hapo ndipo walipokuwa farasi wetu mia.

Tulinganishe injini mbili

Tuchukue injini mbili za zamani ambazo mafundi wa Kenya wazijua vizuri. Zote mbili hupata mafuta kwa kupulizwa, wala hazina kabureta.

Ya kwanza ni 1NZ-FE ya Toyota, ya petroli, ya lita moja na nusu, iliyotiwa katika magari madogo mengi. Karatasi ya gari la mwaka 2002 husema: farasi 109 kwa mizunguko 6,000, na nguvu ya kuzungusha kilo-mita 14.4 kwa mizunguko 4,200.

Ya pili ni 3L ya Toyota, ya dizeli, ya lita 2.8, iliyotiwa katika pikapu na magari ya abiria tangu mwisho wa miaka ya 1980. Hii ina farasi 91 kwa mizunguko 4,000, na nguvu ya kuzungusha kilo-mita 19.2 kwa mizunguko 2,400.

Ukisoma farasi tu, ya petroli yashinda. Lakini nani apitaye katika matope kwa mizunguko 6,000? Dereva mwenye busara hupita polepole, injini ikizunguka mara 2,400 hivi. Haya, tupige hesabu hapo.

Ya dizeli: 19.2 × 2,400 ÷ 716 = farasi 64.

Ya petroli: kwa mizunguko 2,400 haijafika kilele chake cha 14.4. Lakini tuifanyie hisani, tuseme imekifikia. 14.4 × 2,400 ÷ 716 = farasi 48.

Umeona? Ile ya farasi 109 imetoa farasi wasiofika 48, na ile ya farasi 91 imetoa 64. Hakuna aliyesema uongo katika karatasi. Kosa ni la msomaji aliyesoma farasi bila kusoma mizunguko. Injini ile ya petroli ni nzuri kwa kazi yake, hasa kwenye lami na mzigo wa kiasi, ambako dereva aweza kuiacha izunguke upesi.

Injini inayolemewa

Sasa twafika kwenye jambo kubwa kuliko yote katika somo hili. Nguvu ya kuzungusha haikai mahali pamoja. Mizunguko ikiwa michache sana huwa ndogo. Hupanda kadiri mizunguko inavyoongezeka, hufika kilele, kisha hushuka. Hushuka kwa sababu injini ikizunguka upesi mno, silinda haipati nafasi ya kujaa hewa sawasawa, na tena nguvu nyingi hupotea katika msuguano.

Tazama 3L tena. Kwa mizunguko 4,000 ina farasi 91. Ukigeuza hesabu, 91 × 716 ÷ 4,000, utapata kilo-mita 16.3. Maana yake ni kwamba katika kilele cha farasi, nguvu ya kuzungusha imekwisha kushuka kutoka 19.2 hadi 16.3.

Basi fikiri wewe ni dereva, unakwenda kwa mizunguko 3,000, ukaingia matopeni. Mzigo unaongezeka, mizunguko inapungua: 2,800, 2,600, 2,400. Lakini kila inapopungua, nguvu ya kuzungusha inaongezeka. Injini inalemewa, nayo inajikaza. Ndiyo sababu pikapu la jirani lilipita bila kelele.

Injini ya petroli ambayo kilele chake ni 4,200, ikiingia matopeni kwa mizunguko 2,500, mambo ni kinyume. Iko upande wa chini wa kilele. Ikilemewa, mizunguko hupungua. Mizunguko ikipungua, nguvu nayo hupungua. Nguvu ikipungua, hulemewa zaidi. Mwisho wake ni kuzimika. Na dereva akijaribu kupanda hadi 4,200 kwa ghafula, magurudumu huteleza na kuchimba.

Hata dizeli ina mwisho wake. Ukiiacha 3L ishuke chini sana ya 2,400, nayo imeingia upande mbaya wa kilele. Kwa hiyo badilisha gia mapema, kabla injini haijaanza kuguna. Kama gari lako halina saa ya kuonyesha mizunguko, tumia sikio: sauti nzito yenye kutikisika ni dalili kwamba umechelewa.

Gia haizai farasi

Wengine watauliza: je, gia ya kwanza haiongezi nguvu? Huongeza. Gia ikipunguza mzunguko mara tatu, huzidisha nguvu ya kuzungusha karibu mara tatu, ukitoa kidogo kinachopotea katika msuguano. Ni bomba lile la spana. Lakini gia haizai farasi hata mmoja. Hubadilisha mwendo kuwa nguvu, kama mtu anayebadilisha noti kubwa kuwa noti ndogo: fedha ni ile ile. Gari la magurudumu manne lenye gia nzito ya pili ni bora matopeni kwa sababu hii, na tena kwa sababu magurudumu yote yanakanyaga.

Wala tusiseme kwamba injini ndiyo kila kitu. Gari likiwa chini sana, tumbo lake hulala juu ya matope. Tairi zikiwa vipara, nguvu zote za dunia hazitashika ardhi. Nguvu ikizidi mshiko wa tairi, gurudumu huteleza, iwe dizeli au petroli.

Jinsi injini kuukuu inavyopoteza nguvu zake

Tarakimu za karatasi ni za injini mpya. Katika dizeli ya zamani kama 3L, pampu ya dizeli huyapeleka mafuta kwa nguvu mpaka kwenye nozeli, moja kwa kila silinda, na nozeli huyapuliza kama ukungu. Hapana plagi ya kutoa cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwa hiyo injini hii yataka vitu vitatu: hewa nyingi, mafuta safi, na mbano mzuri.

Hewa. Vumbi la barabara zetu huziba chujio upesi. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote, na moshi mweusi hutoka. Moshi huo ni fedha yako inayopaa. Kung'uta chujio mara kwa mara, na libadilishe likichakaa. Jua pia kwamba Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kiasi cha sehemu moja katika sita. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Huku kwetu bondeni afadhali, ingawa hewa ya joto nayo ni nyepesi kuliko ya baridi.

Mafuta. Dizeli iliyouzwa kwenye madebe huweza kuwa na maji na mchanga. Maji huharibu pampu na nozeli, navyo ni vyombo vya bei kubwa. Chuja dizeli, iache itulie, na fungua kizibo cha chujio mara kwa mara umwage maji.

Mbano. Injini inayochelewa kuwaka asubuhi, hata betri ikiwa nzuri na plagi zake za kupasha joto zikiwa nzima, huenda mbano umekwisha. Hiyo usiinunue kabla fundi hajaipima.

Pampu ya maji ni somo lile lile

Wewe uliye na pampu ya kumwagilia kando ya Tana, farasi wa pampu yako nao wamo katika hesabu hii. Farasi mmoja huinua lita 75 za maji mita moja kwa sekunde. Tuseme pampu ina farasi 5, nawe wainua maji mita 10. Chukua 5 × 75 ÷ 10, upate lita 37 na nusu kwa sekunde. Hiyo ni hesabu ya juu kabisa. Mabomba na pampu yenyewe hula sehemu kubwa, kwa hiyo ukipata nusu yake usilalamike. Tena farasi hao 5 wameandikwa kwa mizunguko fulani. Ukiipunguza mafuta ili "isichoke", usitazamie maji yale yale.

Kabla ya kununua

Kumbuka mambo haya manne:

1. Soma tarakimu nne, si moja: farasi, na mizunguko yake; nguvu ya kuzungusha, na mizunguko yake.

2. Kwa mzigo na matope, tafuta nguvu kubwa ya kuzungusha katika mizunguko michache. Kwa safari za lami na mzigo mwepesi, gari dogo la petroli litakufaa.

3. Lijaribu gari likiwa na mzigo, si tupu. Lipandishe mahali pa mchanga au kilima, usikilize kama injini inajikaza au inaguna.

4. Fedha ikiwa ni ya kikundi, asichague mtu mmoja, hata akiwa mwalimu. Mwiteni fundi, na kila mwanachama aulize. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujipima

1. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ya lita 4.2, ina nguvu ya kuzungusha ya kilo-mita 29 kwa mizunguko 2,200. Hapo ina farasi wangapi?

2. Kwa nini injini yaweza kuwa na farasi wengi na hata hivyo ikazimika matopeni?

3. Injini ya 3L inapolemewa kutoka mizunguko 3,000 hadi 2,400, nguvu yake ya kuzungusha huongezeka au hupungua?

4. Moshi mweusi watuambia nini?

Jibu la swali la kwanza ni farasi 89. Mengine yatafute mwenyewe katika somo, kisha umfundishe jirani yako. Kikundi chetu kimeanza kuchanga tena, na safari hii yule mama aliyeniuliza habari za farasi ndiye atakayeshika karatasi. Nimekwisha mfundisha hesabu ya 716, naye aipiga upesi kuliko mimi.